Cheche

Nilikuwa nimelala ubavu chini ya geti la mtu wa Umoja,
geti zito, la simba wawili wanaotazamana,
miwani usoni, rodi mkononi,
sikio la kushoto limeelekea juu
kama kikombe kilichosahauliwa nje.

Cheche haikubisha hodi.
Iliruka, ikachagua,
nami nikaisikia kwa sikio lenyewe,
sauti ya tone la maji kwenye kikaango:
tssi.

Maumivu sina haja ya kuyapamba.
Musyimi anasema nilitukana kwa Kikamba,
lugha ambayo huwa nadai nimeisahau.

Siku ya tatu mto ulilowa.
Maji ya rangi ya chai iliyolala, yenye uzi wa damu,
na uchungu ukapungua, kama mgomvi aliyefunguliwa mlango.
Nilipopenga kamasi, hewa ilitokea sikioni,
firimbi ndogo, ya refa asiye na mchezo.
Kavata, binti yangu, alicheka, akataka nirudie.
Nikarudia. Ikauma.
Nikarudia tena kwa sababu alikuwa anacheka.

Halafu ule mlio.
Kariobangi hunyamaza saa mbili usiku,
grinda zinazimwa, mabati yanapoa,
lakini ndani yangu yuko fundi mmoja hajafunga duka;
anasaga chuma chembamba hadi alfajiri.
Nikisimama ghafla, sakafu huinama kidogo
kama meza yenye mguu mfupi.

Daktari Nasimiyu aliingiza taa.
"Kiwambo kimetoboka," alisema, upande wa kulia,
na mimi, fundi, nikauliza: tundu la milimita ngapi?
Akanionyesha kwenye skrini:
ngozi ya kijivu, nyembamba kama karatasi ya sigara,
imewambwa kama ngoma ya sisimizi,
na katikati doa jeusi, umbo la haragwe.

Kisha maswali, kalamu tayari.
Umewahi kupigwa kofi la sikio?
Darasa la tano, Mwalimu Gichohi, kwa jibu lililokuwa sahihi.
Huwa unachokonoa?
Kijiti cha kiberiti. Kifuniko cha kalamu.
Ufunguo wa pikipiki, mara moja.
Utotoni lilitoka usaha?
Kila Julai, baridi ya Dandora ikiingia na mafua yake;
mama alinitilia mafuta ya kitunguu, akaomba.
Mlipuko?
Mtungi wa gesi, kwa jirani. Lakini huo tuliusikia sote.

Akaandika: cheche.
Neno moja, kwenye mstari wenye nafasi ya mengi.

Nimelifikiria sana neno hilo.
Mimi nakijua chuma. Hakianzi kuvunjika siku kinapovunjika.
Ufa hulala humo miaka, ukila kutu kimyakimya,
na nyundo ya mwisho ndiyo hulaumiwa.

Sasa ni pamba yenye mafuta ya mgando nikioga,
vidonge asubuhi na jioni, marufuku kupenga kwa nguvu.
Miezi mitatu, alisema. Labda ngozi itajifuma yenyewe.
Labda watakata kipande nyuma ya sikio, wanitie kiraka.
Kiraka nakielewa. Nimekula kwa viraka maisha yangu yote.

Ngoma ikivuma sana hupasuka, walisema wahenga.
Yangu haikuvuma.
Ilikuwa imekaa tu, inasikiliza.

Geti la Umoja limekwisha, mwenyewe amelichukua.
Simba wa kushoto ana mshono mbaya shingoni.
Hajauona.

Na jana usiku, tukila, Kavata alikuwa akinisimulia jambo la shuleni,
jambo refu, lenye mbwa na mwalimu wa zamu,
nami nikiitikia mahali pasipostahili.
Akanyamaza.
Akabeba sahani yake, akazunguka meza,
akakaa kulia kwangu,
akaanza upya, toka mwanzo.